Nyumba Niliyomwandikia Deo

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, saa ya ukutani, na picha ya mlima kwenye fremu. Nawashukuru, ingawa mlima wenyewe nauona bure kila asubuhi mawingu yakikubali, na saa ndiyo kitu cha mwisho anachohitaji mstaafu. Mliponiomba niseme neno kwa vijana nilisema mawili matatu juu ya uvumilivu, kwa sababu chai ilikuwa inapoa na mgeni rasmi alishaanza kuangalia simu yake. Nilichotaka kusema sikukisema. Nakiandika sasa, mezani kwangu huku Machame, ng'ombe akinipigia kelele nje kana kwamba yeye ndiye mwajiri wangu mpya.

Habari za vyeo sitaziandika. Cheo nilichoanza nacho na nilichomalizia vinatofautiana kwa neno moja tu, "mwandamizi", na neno hilo halikuwahi kunisaidia kupanda mlima. Majina ya watu nimeyabadilisha. Kosa sikulibadilisha, kwa sababu ni langu.

Niliripoti kazini siku ya mvua. Ofisi yetu ya ustawi wa jamii wakati ule ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili na benchi moja nje, na benchi lilikuwa limejaa akina mama na watoto tangu asubuhi. Aliyenipokea ni Mzee Mshana, Mpare mfupi mwenye sauti kubwa. Nilitegemea anipe vitabu vya sheria. Akavuta gambuti kutoka chini ya meza akaniwekea miguuni.

"Sheria utaisoma ukirudi," akasema. "Hizi tunaanza nazo leo."

Tulikwenda Old Moshi, kwa miguu sehemu kubwa ya njia, kumtafuta mwanamume aliyeitwa ofisini mara tatu asije. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, na kwa sehemu kubwa bado ndiyo hiyo. Mama anakuja kusema baba wa mtoto hamtunzi. Tunaandika wito, unapitia kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji. Baba akija wakakubaliana, wanasaini, na sisi tunashika kumbukumbu. Wasipokubaliana shauri linakwenda mahakamani, na hakimu anatuomba taarifa: huyu baba anafanya kazi gani, ana nini, anaishi wapi, nani wengine wanamtegemea. Hakimu hana muda wa kupanda mlima, kwa hiyo anapanda kwa miguu yetu na kuona kwa macho yetu. Hilo Mzee Mshana alilirudia mpaka nikalichoka.

Alikuwa na tabia moja iliyonikera. Akifika kwenye kaya, akishasalimia na kukaribishwa kiti, alikuwa anauliza, "Hii nyumba ya nani?" Akijibiwa, anasubiri kidogo, anamuuliza mtu mwingine. Akitoka anamuuliza jirani. Mara nyingi jibu lilikuwa lile lile, na mimi nilikuwa naona haya kwa niaba yake. Siku moja nikamwambia, "Mzee, kwetu mambo haya yanajulikana. Baba akifariki, mji wa wazazi anabaki nao mtoto wa kiume wa mwisho. Huna haja ya kuuliza."

Akacheka. Wapare na sisi ni watani, na hakuna nafasi aliyoiacha ipite. "Nyie Wachagga mnajenga majumba ya kulala siku kumi kwa mwaka, mwaka mzima yanalala popo. Mimi Mpare, sijui mambo yenu. Ndiyo maana nauliza."

Nilicheka pia. Nilidhani ni utani mtupu.

Mwezi wetu wa kazi ulikuwa Desemba. Mnajua jinsi huku kwetu ilivyo: mtu awe Dar, awe Mwanza, awe Tunduma, Krismasi lazima aonekane kwao. Mababa ambao mwaka mzima walikuwa "hawajulikani walipo" tuliwakuta wamekaa barazani wanakula mbuzi. Mzee Mshana alikuwa anasema mwezi huo hata waliokufa kwenye majalada wanafufuka. Basi tukawa tunakusanya safari zote za mlimani na kuzifanya kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Mafuta yaliokolewa, watu walipatikana, na sisi wenyewe sikukuu zetu tulizila kwa vipande.

Nilijifunza kusoma watu, au nilidhani nimejifunza. Mwalimu wa shule alikuwa rahisi. Karatasi yake ya mshahara inasema kila kitu, na hakimu anamkata sawasawa bila kumwonea wala kumpendelea. Mfanyabiashara alikuwa mgumu. Nilimfahamu mmoja mwenye maduka mawili aliyekuja ofisini na koti lililotoboka viwiko, na wiki iliyofuata nikamwona mwingine na koti lile lile. Walikuwa wanaazimana. Hatukuwahi kujua koti lilikuwa linatunzwa wapi, ila lilifanya kazi nzuri kuliko mawakili wengi. Kwa hiyo nikajiwekea kanuni: mtu akikaa kimya nisiamini koti lake, nikaangalie nyumba yake. Maneno yanadanganya, nyumba haidanganyi. Niliipenda sana kanuni hiyo, na niliwafundisha baadhi yenu.

Mzee Mshana alistaafu akarudi kwao Usangi, akaniachia gambuti zake, ambazo hazikunitosha. Mwaka wa pili baada ya hapo ndipo Upendo alipokuja.

Ilikuwa Novemba. Alikuwa anauza vitunguu na karoti katika soko la Kiboriloni, na mikono yake ilikuwa bado ina udongo. Alikuja na binti yake wa miaka sita, Anjela, aliyekaa kwenye benchi akihesabu matofali ya ukuta kwa sauti ya chini.

"Shikamoo, mae," akasema. Hivyo ndivyo tunavyomwita huku mama tunayemheshimu.

"Marahaba. Baba wa mtoto yuko wapi?"

"Yuko Majengo, ni fundi cherehani. Tuliachana, lakini hatukugombana."

"Anampa mtoto nini?"

"Jumamosi analeta ndizi. Mkungu mzima, na maziwa kutoka kwao Kibosho. Siwezi kumsingizia. Lakini mae, mwenye nyumba wangu hapokei ndizi. Na Januari mtoto anaanza darasa la kwanza."

"Hela je?"

"Akipata analeta. Miezi mingine hapati."

Fomu yetu ilikuwa na mstari ulioandikwa "Kiasi anachotoa kwa mwezi", na mbele yake nafasi finyu ya inchi mbili. Ndizi hazikuenea hapo. Nikaandika neno moja: Hatoi. Upendo hakuona nilichoandika, na mimi sikuona ubaya wowote. Ilikuwa lugha ya ofisi.

Deo alikuja kwa wito wa kwanza, jambo ambalo peke yake lilipaswa kunishangaza. Mwanamume mrefu, mpole, nyuzi zimemganda kwenye suruali, futi ya kupimia bado iko shingoni. Nilimuuliza ataweza kutoa kiasi gani. Akasema, "Nitajitahidi." Nikamwambia nahitaji tarakimu. Akasema tena atajitahidi. Nikaona huyu ni wale wale, wa kukaa kimya. Nikafunga jalada, shauri likaenda mahakamani, na hakimu akaomba taarifa.

Tulifika kwao Kibosho siku tatu baada ya Krismasi. Nakumbuka geti kwanza, jekundu, lenye rangi mpya. Ndani yake nyumba ya vyumba vinne, kuta zimepigwa rangi ya maziwa, bati la rangi, marumaru mpaka barazani, na pande zote kihamba cha ukoo, migomba na kahawa imepaliliwa vizuri. Mama yao mzee alikuwepo, na kaka mkubwa, Valerian, mfanyabiashara aliyekuja kutoka Dar na familia yake. Watoto walikuwa na nguo mpya. Tulikaribishwa vizuri mno, tukapewa mtori wa ndizi na nyama.

Nilijua Deo ni kitindamimba. Nilijua baba yao alishafariki. Mengine hayahitaji kufundishwa kwa mtu aliyezaliwa huku, anayanyonya pamoja na maziwa: mji ule ulikuwa wa Deo. Kwa hiyo nikasema, kwa sauti ya ugeni mwema, "Hongera, Deo. Nyumba nzuri."

Mama mzee akaangalia ndani ya kikombe chake. Valerian akamwita mtoto aache kuchezea kuku.

"Tunamshukuru Mungu," Deo akasema.

Wakati wa kuondoka alitusindikiza hadi kwenye gari. Manyunyu yalishaanza na dereva alikuwa ananiangalia kwa jicho la kunihimiza. Deo akashika mlango wa gari, akasema, "Mama, kuhusu nyumba." Hapo hapo Valerian akatokea nyuma yake na mkungu wa ndizi wa kutupa zawadi. Deo akaachia mlango. Nikamwambia, "Usijali, utasema mahakamani." Nikafunga mlango.

Taarifa niliyoandika ilikuwa safi. Niliisoma hivi karibuni na bado ni safi. "Mlalamikiwa anamiliki nyumba ya kisasa ya vyumba vinne katika kihamba cha ukoo. Alipopongezwa hakukanusha. Kwa sasa hatoi matunzo yoyote." Januari hakimu aliisoma mbele yao. Akamuuliza Deo kama ana la kusema. Upendo alikuwa upande huu, mama mzee na Valerian benchi la nyuma. Deo akasimama, akasema, "Nitajitahidi." Amri ya matunzo ikatoka, ya kiasi cha mtu mwenye nyumba ya vyumba vinne.

Nilirudi ofisini nikiwa nimeridhika. Niseme ukweli, nilijisikia nimemshinda mtu wa koti lililotoboka.

Baada ya hapo sikumfikiria tena. Kulikuwa na wengine wengi. Ofisi ilipata chumba cha pili, kisha kompyuta, kisha mtu wa kutufundisha kompyuta, aliyeondoka kabla hatujajua kuizima. Siku hizi mnaita "mfumo". Nyie vijana mnafanya kwa dakika kumi kilichonichukua mimi wiki, na wala siwaonei wivu, maana mimi nilikuwa nakula mtori njiani.

Miaka miwili kabla ya kustaafu, mkuu wetu mpya, Jackline, binti wa umri wa mwanangu, akanipa kazi ambayo wengine mlinionea huruma kwa vumbi lake. Alitaka nipitie majalada ya matunzo yaliyofungwa na ya zamani, niangalie kama tulikuwa tunawatendea watu sawa.

"Mama, wewe ndiye unayejua miandiko ya wote," akasema. "Na hutatuficha."

Nilianza kwa kujiamini. Nikaweka wenye mishahara upande mmoja, wafanyabiashara upande mwingine, na wakulima na mafundi wadogo upande wa tatu. Haikuchukua muda kuona picha. Mwenye mshahara alikatwa sawasawa na alichonacho, kwa sababu karatasi yake haikumficha. Mfanyabiashara mkubwa alilia shida, akaaminika nusu. Lakini fundi na mkulima wa mlimani alihukumiwa kwa nyumba iliyosimama alikozaliwa, awe analala humo au haingii hata sebuleni. Kwa upande wa akina mama ilikuwa vile vile. Aliyeweza kusimulia vizuri aliandikiwa ukurasa mzima, mwenye mdomo mzito aliandikiwa mistari miwili. Kila nilipokutana na neno "nyumba ya kisasa" niliangalia mwandiko. Mara nyingi mno ulikuwa wangu.

Jalada la Deo lilikuwa na karatasi mbili nyuma ambazo sikuwahi kuziona, nakala zilizorudi kutoka mahakamani baada ya mimi kuliweka kando. Ya kwanza ilikuwa ya dalali wa mahakama, aliyetumwa kukamata mali baada ya Deo kushindwa kulipa. Mwandiko mbaya, lakini mtu yule aliuliza. "Nyumba iliyotajwa si ya mdaiwa, ni ya kaka yake anayeishi Dar. Mdaiwa anapokuja hulala kibandani nyuma, karibu na zizi. Imekamatwa cherehani moja." Ya pili ilikuwa hati ya kumkamata Deo mwenyewe. Haikutekelezwa kwa sababu hakuonekana.

Nilikaa na karatasi ile mpaka wenzangu wakaenda kula na kurudi. Cherehani moja. Tulimnyang'anya kile kitu kimoja ambacho kingeweza kumtunza mtoto.

Ilikuwa Desemba tena, ya mwisho kwangu kazini. Nilifunga safari ya Kibosho bila gari la ofisi. Geti lilikuwa limefifia, nyumba bado nzuri. Mama mzee alikuwa hasikii vizuri tena, na Valerian alikuwa na mvi. Alinikumbuka mara moja. Tulipokaa nikauliza, nikiwa nimechelewa miaka kumi, "Hii nyumba ya nani?"

"Yangu," akasema. "Niliijenga kwa ajili ya mama. Mama ndiye aliyetaka watu waseme ni ya Deo, kwa sababu mji ni wake kwa desturi, na kitindamimba asiye na nyumba ni aibu. Nami nilikubali. Ni maneno tu, nilijiambia. Sikujua maneno yanaweza kupelekwa mahakamani."

"Ulikuwa pale. Ungesema."

"Nimnyang'anye ndugu yangu nyumba mbele ya watu wote? Nilidhani yeye atasema. Naye alidhani mimi nitasema. Miezi ya kwanza alikopa akalipa. Mimi sikumuuliza anatoa wapi. Hilo nalo liandike."

Nikamuuliza Deo yuko wapi. Akanyanyuka, akanipeleka nyuma ya nyumba, kati ya migomba. Kaburi lilikuwa na marumaru kama za barazani.

Baada ya cherehani kuchukuliwa, Deo aliogopa kukamatwa, akaenda Tarakea, akavuka kwenda Kenya kushona kwa mashine za watu. Aliugua kifua huko miaka mingi bila kusema. Walipopigiwa simu walikwenda kuchukua maiti. Wakamleta nyumbani, kama tunavyowaleta wote, akalazwa sebuleni mpaka kesho yake, siku ya mazishi.

"Ndiyo siku pekee aliyolala humu ndani," Valerian akasema.

Nililia palepale, na sioni haya kuwaambia. Nilikuwa nimempa mtu yule nyumba kwa kalamu, na alikuja kulala humo akiwa ndani ya jeneza. Nikauliza kama mtoto wake alikuja kuzika. Valerian akatikisa kichwa. Walimpelekea taarifa. Alikuwa na miaka kumi na mitano, na alikataa kuja.

Upendo nilimkuta Kiboriloni kwenye meza ile ile ya vitunguu, amenenepa kidogo na amevaa miwani. Nilimwomba tukae pembeni, nikamweleza yote, kuanzia neno "Hatoi" mpaka lile kaburi. Alisikiliza huku akichambua karoti, kisha akaacha kuchambua.

"Mimi nilimwambia mtoto baba yake ana jumba la marumaru," akasema. "Nilisikia mahakamani, taarifa yako ikisomwa. Anjela alikuwa akirudishwa nyumbani kwa ajili ya michango, ananiuliza, mama, si baba ana nyumba kubwa? Nikamwambia ndiyo, anayo, hataki tu. Jumamosi alikuwa anakaa mlangoni kumsubiri. Mpaka akaacha."

"Ni kosa langu, siyo lako."

"Najua ni lako, mae." Hakusema kwa ukali. "Lakini usimwambie. Alikataa kumzika. Leo umwambie baba yake hakuwa na kitu, ataishije na hilo? Mwakani ana mtihani wa kidato cha nne. Amezoea kumchukia. Mwache hivyo hivyo."

Nilirudi nikiwa sijui la kufanya. Kwa upande wa ofisi mambo yalikuwa wazi. Niliandika yote kwenye taarifa ya Jackline, jina langu mbele, na mahakama ikaarifiwa ili ile hati iondolewe, ingawa haikuwa na mtu wa kumkamata tena. Fomu ikabadilishwa. Ule mstari wa inchi mbili ukaongezewa mwingine, "Anachotoa kisicho fedha", na kwenye ukurasa wa kaya pakawekwa swali la Mzee Mshana, liulizwe kwa watu watatu, mmoja wao akiwa jirani. Mnaolijaza sasa mnalalamika kwamba linawachelewesha. Lichelewesheni. Na mkienda kwa watu msiofahamu desturi zao mtauliza vizuri bila kuambiwa. Kwenu wenyewe ndiko mtakakoona haya kuuliza.

Lakini lile la Anjela sikuwa na fomu yake. Kumwambia kungempa baba, na siku hiyo hiyo kungemfanya mtoto aliyekataa kumzika baba huyo. Nilimheshimu mama yake, nikanyamaza. Wiki zikapita, na siku zangu za kustaafu zikawa za kuhesabu kwa vidole.

Akaja mwenyewe. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya shule, na alikuwa amevaa sare. Nilimtambua kwa urefu wa baba yake.

"Shikamoo. Mimi ni Anjela, mtoto wa Upendo wa Kiboriloni. Tangu ulipokuja sokoni mama analia akidhani sijui. Nimemwambia asiponiambia nitakuja kukuuliza wewe. Hakuniambia. Akanipa nauli."

Nikaona hiyo nauli ndiyo ruhusa. Nikafunga mlango, nikamwambia. Sikumpunguzia chochote, wala upande wangu sikuupamba. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, macho yake hayakutoka ukutani, kwenye matofali.

"Kwa hiyo zile ndizi," akasema, "ndicho kitu alichokuwa nacho."

"Ndiyo."

Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kama mtoto wa miaka sita. Sikumgusa mpaka alipogeuka mwenyewe na kunishika mkono. Nikamwambia samahani. Alitikisa kichwa, na mpaka leo sijui kama ilikuwa kukubali au kukataa, wala sistahili kuuliza.

Akaomba aone jalada. Kisheria alikuwa mhusika, nikamfungulia. Akapitisha kidole kwenye karatasi mpaka kikafika pale.

"Hapa pameandikwa 'Hatoi'."

"Niliandika mimi."

"Ifute."

Nikamweleza kwamba jalada halifutwi. Kilichoandikwa kinabaki, hata kiwe uongo, na mtu anachoweza kufanya ni kuongeza karatasi mpya juu yake, aweke tarehe, jina, saini na mhuri. Nilikuwa nimemweleza hivyo kila afisa mpya, kwa sauti ya kujivuna kidogo.

"Basi ongeza," akasema.

Nikachukua karatasi. Nikaandika kwamba taarifa yangu ya awali ilikosea, kwamba nyumba haikuwa ya baba, na kwamba kabla ya amri ya mahakama baba alikuwa akimletea mtoto mkungu wa ndizi na maziwa kila Jumamosi. Nikaweka tarehe na saini. Nilikuwa nimeshika mhuri mkononi nilipomgeuzia karatasi aisome.

Aliisoma mara mbili. Kisha akaweka kidole chini ya mstari wa mwisho.

"Na sare," akasema. "Ya darasa la kwanza. Aliishona mwenyewe."

Nikaweka mhuri mezani, nikachukua tena kalamu, nikaandika: na sare.